Laptopu ya Kikundi Ikikataa Kuiona Monita



Katika ziara zetu tumeulizwa swali moja mara nyingi, hata tumeona afadhali tulijibu hapa kila mtu asome. Swali lenyewe ni hili: tuna laptopu yetu yenye Linux, tumenunua monita ya mitumba au tumeazima televisheni ya parokia, tumechomeka waya, na hakuna kitu. Monita yaandika "No Signal", yaani hakuna kinachoifikia. Laptopu nayo imekaa kimya, kama haijui kuna mgeni mlangoni. Je, imeharibika?

Mara nyingi haijaharibika. Lakini tumeona vikundi vikitoa pesa kabla ya kujua ugonjwa ni upi, na hilo ndilo limetufanya tuandike.

Mwajua wenyewe kwa nini monita inatakikana. Mwisho wa mwaka, siku ya kugawana akiba, watu thelathini hawawezi kuinamia kioo cha inchi 14. Mweka hazina akisoma tarakimu peke yake, hata akiwa mtu mwaminifu kabisa, nyuma kutakuwa na minong'ono. Lakini kitabu kikitokea kwenye kioo kikubwa ukutani, hata nyanya ambaye hakusoma sana atatafuta jina lake na kufuata mstari kwa kidole mpaka afikie hisa zake. Hapo hakuna wa kunong'ona. Kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kilikuwa kimepanga mkutano kama huo. Monita ikakataa. Fundi mmoja wa mjini akaangalia dakika tano, akasema, "Mama, hii ni bodi kubwa imekufa," na bei aliyotaja ilikuwa ya mbuzi wawili wakubwa. Wakaanza kuchanga. Bodi ilikuwa nzima. Kilichopatikana tutakieleza mbele.

Kwanza tuseme kidogo juu ya Linux yenyewe, maana wengine hudhani ndiyo mbaya. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi huko Finland, na ni programu huria: mtu yeyote aweza kuichukua, kuisoma, kuirekebisha na kumpa jirani bila kulipa leseni. Ubuntu na Linux Mint ni aina mbili za Linux. Jina Ubuntu limetoka lugha za kusini mwa Afrika, nasi tunalisikia vizuri kwa sababu ni ndugu wa neno letu utu. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipomaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, vikundi kadhaa vyenye laptopu za zamani vimeona heri kuhamia Linux kuliko kununua mashine mpya. Sisi twaona ni uamuzi mzuri. Ila mashine zilizotengenezwa kwa mfumo mwingine huwa na tabia zake, na monita ni mojawapo ya mahali ambapo tabia hizo huonekana.

Sasa tuelewe kinachotokea waya ukichomekwa. Waya haubebi picha tu. Ndani yake kuna nyuzi nyembamba za salamu. Monita hupiga hodi na kujitambulisha: mimi ni monita ya aina fulani, upana wangu ni huu, urefu wangu ni huu. Laptopu ikisikia, hujibu karibu na kuanza kutuma picha ya kipimo hicho. Hodi isiposikika, laptopu haitumi kitu, hata kama nyuzi za picha ni nzima. Kwa hiyo mkiambiwa laptopu haioni monita, jiulizeni: hodi imekwama wapi? Yaweza kukwama kwenye monita, kwenye waya, kwenye tundu, au ndani ya programu. Sisi huanzia nje na kuingia ndani, kwa sababu vitu vya nje ni rahisi kukagua na mara nyingi havigharimu kitu.

Anzeni na monita. Ina stima? Taa yake yawaka? Kisha angalieni imeambiwa isikilize tundu gani. Monita na televisheni nyingi zina matundu zaidi ya moja, na ikiwa inasikiliza HDMI 1 nanyi mmechomeka HDMI 2, mtakaa hapo mpaka jioni. Tafuteni kwenye rimoti au kwenye ukingo wa kioo kitufe kilichoandikwa Source au Input, mbonyeze mpaka jina la tundu lenu litokee. Halafu chomoeni monita kwenye stima kwa dakika moja, mwirudishe. Msicheke. Imetosha mara nyingi.

Kwenye waya tutakaa kidogo, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Waya wa zamani wenye kichwa kipana, mara nyingi cha rangi ya buluu, chenye skrubu mbili, huitwa VGA. Umekuwako tangu 1987. Una pini 15 katika safu tatu za tano tano. Shikeni kichwa hicho kwenye mwanga, mhesabu. Mkikuta pini moja ya safu ya katikati haipo, msishtuke: nyaya nyingi hutengenezwa bila pini namba 9. Lakini pini namba 12 na namba 15 ndizo zinazobeba hodi, na zote mbili zimo katika safu ya tatu. Zikipinda au kukatika, laptopu yaweza kukosa kuiona monita kabisa, au itaiona bila kujua kipimo chake na kutoa picha kubwa isiyo wazi. Pini iliyopinda hunyooshwa polepole kwa kibano chembamba. Msichomeke kwa nguvu mkidhani itajinyoosha yenyewe, itavunjika.

Waya wa HDMI ni mdogo, una pini 19 zilizofichika ndani, kwa hiyo kwa macho hamtaona kitu. Upimeni kwa kuuhamishia kwenye kifaa kingine, kwa mfano kutoka king'amuzi hadi televisheni. Ukifanya kazi huko, waya ni mzima. Azimeni wa jirani pia mjaribu. Tafadhali fanyeni hivyo kabla ya lingine lolote.

Shida kubwa huja laptopu ikiwa na HDMI na monita ya mitumba ikiwa na VGA tu. Hapo vikundi huuziwa sokoni waya ulio na kichwa cha HDMI upande mmoja na cha VGA upande wa pili, bila chochote katikati. Waya mtupu wa namna hiyo hauwezi kufanya kazi. HDMI hutuma picha kwa tarakimu, VGA hutaka picha kwa mawimbi ya stima, na lazima kuwe na kifaa cha kutafsiri kati yao. Kinachotakikana ni adapta yenye chipu ndani. Kwa kawaida huonekana kama kiboksi kidogo, na nyingine huwa na tundu la kuongezewa stima. Tena adapta hizi huenda upande mmoja tu: ya kutoa HDMI kwenda VGA haitageuka ikatoa VGA kwenda HDMI. Mkienda kununua bebeni laptopu na monita, mwombe zijaribiwe hapo hapo dukani. Mwenye duka akikataa, nendeni duka la pili.

Kuna pia laptopu zenye tundu dogo la mviringo mrefu, USB-C, lile ambalo waya wake huingia upande wowote. Mengine hutoa picha, mengine ni ya kuchaji na kubeba faili tu, na kwa umbo yote yanafanana. Tafuteni alama pembeni mwake: alama ya DisplayPort, ambayo ni herufi D yenye P ndani yake, au alama ya radi ya Thunderbolt. Zisipokuwepo, someni karatasi ya mashine kabla ya kununua adapta yoyote.

Haya. Nje kote kumekaguliwa na bado ni giza. Tuingie ndani.

Zimeni laptopu kabisa, chomekeni waya, washeni monita, ndipo mwashe laptopu. Ikishawaka, shikeni kitufe chenye alama ya Windows mbonyeze P. Kwenye Ubuntu, na mara nyingi kwenye Mint, patatokea picha ndogo za kuchagua: kioo cha laptopu peke yake, cha nje peke yake, au vyote viwili. Pia fungueni mipangilio, sehemu iliyoandikwa Displays au Display. Mkiona viboksi viwili, basi laptopu imeshaiona monita na kazi imebaki ndogo: washeni cha pili, au chagueni Mirror, yaani kioo kimoja kiige kingine. Kwa mkutano wa kikundi sisi tungechagua Mirror kila mara, maana mweka hazina huona kile kile wanachokiona wanachama. Ikiwa boksi la pili lipo lakini monita inabaki nyeusi, punguzeni kipimo cha picha, mjaribu 1024 kwa 768.

Kukiwa na boksi moja tu, ulizeni mashine yenyewe. Fungueni dirisha la amri kwa kubonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Andikeni mstari huu kama ulivyo, nafasi na nukta zikiwa mahali pake, kisha Enter:

grep . /sys/class/drm/*/status

Amri hii haibadilishi kitu, inasoma tu, kwa hiyo msiogope. Mtaona mistari kadhaa. Mmoja una herufi eDP au LVDS: hicho ni kioo cha laptopu chenyewe. Mingine ina HDMI, VGA au DP: hayo ni matundu ya nje. Mwisho wa kila mstari kuna neno connected, imeunganishwa, au disconnected, haikuunganishwa. Someni mstari wa tundu mnalotumia.

Ukisema connected, hodi imesikika. Mara nyingi waya ni mzima, tundu ni zima, na hakuna fundi anayestahili kulipwa kwa bodi. Rudini kwenye mipangilio ya vioo.

Ukisema disconnected wakati waya umo ndani, hodi haifiki. Chomoeni, chomekeni tena, rudieni amri. Badilisheni waya. Badilisheni monita. Kama laptopu ina tundu la pili, lijaribuni hilo.

Na kama mstari wa tundu lenu haupo kabisa, si HDMI wala VGA, basi laptopu hata haijui ina tundu hilo. Mara nyingi hiyo ni shida ya programu.

Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa wale akina mama. Kijana aliyewawekea Linux aliona kioo kikimchezea siku ile, akachagua njia ya kuanzisha kwa usalama. Njia hiyo huongeza neno moja, nomodeset, ambalo huiambia Linux isiiongoze chipu ya picha kikamilifu. Ni msaada mzuri wa siku moja. Lakini neno hilo lilibaki, na kila laptopu ilipowashwa, matundu ya nje yalilala. Kulitafuta, andikeni:

cat /proc/cmdline

Kama nomodeset imo katika maneno yatakayotokea, mmeipata. Kuiondoa, andikeni:

sudo nano /etc/default/grub

Mtaombwa neno la siri. Mkiliandika huenda hakuna kitakachoonekana, hata nyota. Endeleeni tu mbonyeze Enter. Tafuteni mstari wenye neno nomodeset, mlifute neno hilo peke yake, alama za kufungua na kufunga mziache. Bonyezeni Ctrl na O, Enter, halafu Ctrl na X. Kisha:

sudo update-grub

Washeni upya. Akina mama wetu waliona mstari wa HDMI ukitokea, na kitabu cha hisa kikapanda ukutani. Mbuzi wakabaki zizini.

Neno sudo mlitazame vizuri. Humpa anayeandika mamlaka juu ya mashine nzima, kama kutia sahihi ya mwenyekiti kwenye hundi. Amri inayoanza na sudo isiandikwe kwa sababu tu mtu fulani kwenye simu kasema. Aeleze kwanza inafanya nini.

Sababu nyingine ya ndani ni laptopu zenye chipu mbili za picha. Moja ni ya Intel au AMD, ya kazi za kawaida, na nyingine ni ya Nvidia, ya kazi nzito. Katika baadhi ya mashine hizo tundu la HDMI limefungwa kwenye chipu ya Nvidia. Chipu hiyo isipopata draiva wake, yaani programu ndogo inayojua kuongea nayo, tundu hukosa mwenyewe. Mtajua mna chipu gani kwa kuandika:

lspci | grep -Ei 'vga|3d'

Jina Nvidia likitokea, kwenye Mint fungueni Driver Manager, kwenye Ubuntu fungueni Additional Drivers, mchague draiva aliyewekewa alama ya kupendekezwa. Mpango huu hula mamia ya megabaiti. Bandili za simu zitaisha, kwa hiyo pelekeni laptopu mahali penye intaneti ya kutosha, labda ofisi ya parokia au shule ya jirani ikiwa wamekubali. Mkiulizwa kutunga neno la siri, liandikeni kwenye karatasi. Mashine itakapowaka upya huenda ukurasa wa buluu ukatokea: chagueni Enroll MOK, kisha Continue, kisha Yes, mliandike neno lile. Wengi huupita ukurasa huu haraka wakidhani ni hitilafu, na draiva akafungiwa nje. Hii ni kazi ya ulinzi uitwao Secure Boot, ambao hukataa programu zisizo na sahihi inayotambulika.

Draiva akiwapo na tundu bado limelala, andikeni prime-select query. Jibu likiwa intel, chipu ya Nvidia imezimwa ili kuhifadhi betri. Amri sudo prime-select on-demand huirudisha, kisha mwashe upya.

Na ikiwa monita ilifanya kazi vizuri mpaka juzi, ikakataa baada ya Linux kujisasisha, rudini nyuma hatua moja. Laptopu inapoanza kuwaka shikeni Shift, au kwenye mashine mpya zaidi gongeni Esc, mpaka orodha itokee. Chagueni Advanced options, kisha toleo la chini ya lile la kwanza. Linux huacha toleo la zamani kwa makusudi hayo. Monita ikirudi, endeleeni kulitumia hilo mpaka sasisho jingine lifike.

Kabla ya kukubali kwamba kifaa chenyewe kimekufa, kuna jaribio moja ambalo sisi hulitegemea kuliko maneno ya mtu yeyote. Tafuteni flashi iliyoandaliwa na Linux ya kuanzishia. Kijana aliyewawekea mfumo anayo bila shaka. Iwasheni laptopu kutoka kwenye flashi bila kuweka kitu ndani, mchague kujaribu tu, kisha mchomeke monita. Vitabu vyenu havitaguswa mradi hamjabonyeza Install. Monita ikionekana, tundu ni zima na shida iko katika programu zenu. Isipoonekana hata hapo, kwa waya na monita ambavyo mmeshahakikisha ni vizima, basi huenda tundu limelegea au chipu imeharibika, na sasa ni haki kumtafuta fundi. Ila kama laptopu ni ya Nvidia, jaribio hili lisiaminiwe peke yake, maana flashi nyingi hazibebi draiva wake.

Mkimpelekea fundi, msiseme tu "haioni monita". Katibu aandike kwenye karatasi: waya gani umejaribiwa, na ulifanya kazi wapi, monita gani, amri ya kwanza ilisema nini kwa kila tundu, flashi ilionyesha nini. Mafundi wengi ni watu wa haki na wataifurahia karatasi hiyo, itawapunguzia kazi. Yule anayependa kukisia naye atajua kikundi kimeshatembea. Ulizeni bei ya kulishindilia upya tundu peke yake kabla ya kuzungumzia bodi nzima. Na data zote za kikundi ziwe zimenakiliwa kwenye flashi mbili, moja kwa mweka hazina na moja kwa katibu, kabla laptopu haijatoka mlangoni.

Kuna njia ya pembeni ambayo wengine huisahau. Kitabu cha hisa kilicho ndani ya LibreOffice chaweza kuhifadhiwa kama PDF, kikawekwa kwenye flashi na kufunguliwa kwenye laptopu nyingine ambayo monita inaikubali. Televisheni nyingine husoma picha moja kwa moja kutoka kwenye flashi, kwa hiyo kurasa zaweza pia kuhifadhiwa kama picha za JPEG. Hamtaweza kurekebisha tarakimu mbele ya watu, lakini wataziona.

Jaribuni vifaa vyote siku tatu kabla ya mkutano, mahali pale pale mtakapokutania, kwa stima ya hapo na waya ule ule. Chapisheni nakala moja ya hesabu kwenye karatasi pia, kwa sababu stima ikipotea hakuna amri ya kuirudisha.